MAONI YETU: NJIA YA BAISIKELI ISIISHIE KENYATTA AVENUE



Kila siku alfajiri, kabla jua halijatoka, watu wa Buruburu, Jericho, Maringo, Kaloleni na Makongeni huingia Jogoo Road wakielekea mjini na Industrial Area. Wengi sana huenda kwa miguu. Wengine hupanda matatu. Wachache wana baisikeli, nao ndio tunaotaka kusema habari zao leo, maana hao wachache wangekuwa wengi kama barabara ingewaruhusu kufika kazini wakiwa wazima.

Kwanza tuseme lililo jema, tusije tukaambiwa kwamba chama cha wafanyakazi hakijui ila kulalamika. Kati ya mwaka 2020 na 2022, wakati kazi nyingi za mji wa Nairobi ziliposhikwa na ofisi iliyoitwa Nairobi Metropolitan Services, barabara kadha za katikati ya mji zilifanywa upya. Kenyatta Avenue na Muindi Mbingu Street zilipata njia pana za miguu, na njia za baisikeli zilizotengwa na motokaa. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Luthuli Avenue ilikuwa imekwisha kupunguziwa motokaa na kuongezewa nafasi ya wenye miguu. Sisi tulipita huko tukatazama, tukafurahi. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye baisikeli alipewa mahali pake katikati ya mji, si kwa kuhurumiwa bali kwa simiti na mawe.

Lakini yafaa tuulize: njia hizo zinamchukua nani kutoka wapi? Mtu akiwa na nguo nzuri, amekwisha kufika Kenyatta Avenue, anaweza kwenda kwa baisikeli mpaka mwisho wa Kenyatta Avenue. Hapo amefika wapi? Husemwa kwamba barabara ile ilifanywa pana tangu zamani za wakoloni ili gari la kukokotwa na ng'ombe wengi lipate kugeuka. Basi palipokuwa na nafasi tele ndipo njia ya baisikeli ilipowekwa. Ng'ombe walipewa nafasi ya kugeuka zaidi ya miaka mia iliyopita, na mfanyakazi wa Landhies Road hajapewa nafasi ya kupita mpaka leo.

Tukienda nje ya mji twaona kipande kingine. Thika Road ilipokamilika mwaka 2012 ilikuwa na njia za miguu na za baisikeli kando yake. Outer Ring Road nayo, ilipopanuliwa miaka michache baadaye, ilipewa za kwake. Ngong Road vilevile imepata. Kwa hiyo nje kuna vipande, na katikati ya mji kuna vipande, na baina yao hakuna kitu. Mpanda baisikeli anachukuliwa vizuri mpaka karibu na mji, na pale motokaa zinapozidi kuwa nyingi na matatu kuwa kali, ndipo njia yake inapopotea. Ni kama daraja lililojengwa kwenye kingo mbili za mto, na juu ya maji pakaachwa wazi.

Twendeni pamoja njia hiyo kwa maneno. Mmoja wetu katika ofisi ya gazeti hili aliipita kwa baisikeli miaka mingi alipokuwa kiwandani, naye anaijua kama anavyoijua nyumba yake. Unatoka Makadara ukifuata Jogoo Road. Kando ya lami mna vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, na watu wa miguu wamejaa hapo kwa haki yao, kwa hiyo huwezi kupita. Unaingia barabarani. Matatu inakupita, mara inakata kushoto mbele yako kwa sababu makanga ameona abiria. Unashika breki. Nyuma yako lori nalo linashika breki, ama halishiki. Unafika raundabauti ya City Stadium, ambako njia za Industrial Area na za mjini zinagawanyika, na hapo hakuna anayempisha mwenye magurudumu mawili. Ukinusurika unaingia Landhies Road: mabasi ya safari yanatoka stendi ya Machakos, mikokoteni inatoka Marikiti na magunia ya viazi, Muthurwa watu wanauza na kununua mpaka juu ya lami. Mwendo wote kutoka Makadara hadi hapo ni kilomita tano hivi. Kwa miguu ni saa nzima na zaidi kidogo. Kwa baisikeli, kama ingekuwapo njia, ni dakika ishirini.

Kwa nini jambo hili liwe la chama cha wafanyakazi? Wako wanachama walioandika kwamba tushughulike na mishahara tu, mambo ya barabara tuwaachie wenye barabara. Twawajibu kwamba hili ni jambo la mshahara. Mwezi wa Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila ya nyumba. Tuseme mtu analipa nauli shilingi 70 asubuhi na 80 jioni. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 3,900, karibu robo ya mshahara. Na hiyo ni siku ya jua. Mvua ikinyesha nauli inapanda kabla mawingu hayajakutana, na kila mmoja wetu anajua. Tunaketi na matajiri miezi mingi tukipigania nyongeza ya asilimia sita, kisha makanga mmoja huichukua yote siku moja ya mvua. Baisikeli iliyokwisha kutumika, tukikisia shilingi elfu kumi, ingejilipa kwa nauli ya miezi mitatu. Mtu asiyeinunua si kwamba hajui hesabu. Anahesabu pia watoto wake.

Na tusidhani kwamba umbali huu kati ya nyumba na kazi ulikuja wenyewe. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoweka makao ya Waafrika upande wa mashariki, Pumwani kwanza, kisha Shauri Moyo, Kaloleni na mengine, na upande wa magharibi wenye miti na upepo mzuri ukawekwa kwa Wazungu. Barabara ya kwenda mashariki, iliyoitwa Doonholm Road kabla ya kuitwa Jogoo Road, ilikuwa njia ya kuwaleta watu kazini asubuhi na kuwaondoa mjini jioni. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Waafrika wa Nairobi walipogomea mabasi, walienda kazini kwa miguu yao kwa njia hizihizi. Jina la barabara lilibadilishwa. Kando yake, mwenye miguu na mwenye baisikeli bado wanapita kwa kubahatisha.

Tena angalieni fedha zinakwenda wapi. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ikipita juu ya vichwa vyetu. Baisikeli haziruhusiwi huko, wala pikipiki. Hatusemi baisikeli ipande juu ya ghorofa. Twasema tu kwamba mji ulioweza kupata nafasi ya barabara angani hauwezi kutuambia kwamba hauna nafasi ya mita mbili chini.

Mita mbili ndizo tunazozitaka, na pale njia inapokuwa ya kwenda na kurudi, mita tatu. Lakini ziwe zimetengwa kweli. Mstari wa rangi uliochorwa juu ya lami haumzuii dereva wa matatu. Yeye huuona kuwa ni mahali pa kupakia abiria palipopambwa. Kinachotakiwa ni ukingo wa simiti usiopandika. Na zaidi ya ukingo, zitazamwe njia panda, maana huko ndiko hatari ilipo. Mpanda baisikeli anayekwenda mbele na motokaa inayokata kushoto hugongana hapo. Pale njia inapovuka barabara ndogo, lami iinuliwe kidogo ili motokaa ilazimike kupunguza mwendo. Kwenye raundabauti kubwa ziwekwe taa zenye nafasi ya watu wa miguu na baisikeli peke yao. Vyuma vya mtaro visilazwe kwa urefu wa barabara, maana gurudumu linaingia na mtu anarushwa. Mitaro yenyewe ichimbwe. Tuliona mafuriko ya mwaka 2024. Njia ya baisikeli iliyojengwa chini kuliko barabara itakuwa mfereji.

Kisha taa. Mwanamke anayetoka zamu saa nne usiku hatapanda baisikeli kwenye giza hata njia iwe nzuri namna gani. Leo ukisimama Jogoo Road ukawahesabu wapanda baisikeli, utaona karibu wote ni wanaume, na wengi wao vijana. Hiyo ni dalili kwamba njia ni mbaya, maana wanapita wale tu walio tayari kuhatarisha maisha. Dada zetu wa viwanda vya nguo na wa kusafisha maofisi nao wana nauli ya kulipa, na mishahara yao mara nyingi ni midogo kuliko yetu.

Jibu tunalopewa na wakubwa tunalijua. Husema wapanda baisikeli ni wachache mno, kwa nini fedha za umma zitumike kwao? Basi tuwaeleze habari za Sevilla, mji wa Hispania ya kusini wenye joto kali, ambako zamani ilikuwa nadra kumwona mtu kwa baisikeli. Mwaka 2006 halmashauri ya mji ule ilianza kujenga njia zilizotengwa, wala haikujenga kipande kimoja ikangoja miaka kumi kuona kama watu watakuja. Ilijenga kilomita 80 hivi kwa muda mfupi, zote zimeungana, kisha ikaongeza hadi kilomita 120. Nafasi za kuweka motokaa kama 5,000 ziliondolewa ili njia ipite. Wenye motokaa walipiga kelele. Lakini baisikeli zilizokuwa elfu sita hivi kwa siku zikapita elfu sitini kwa miaka michache tu. Watu wa Sevilla hawana miguu tofauti na yetu. Njia zao zilianza mahali watu wanapolala na kuishia mahali wanapofanya kazi, hiyo ndiyo siri yao yote.

Sasa tuje kwenye mambo magumu, ambayo tukiyaficha tutakuwa tunadanganyana.

La kwanza ni wenye bodaboda. Njia za baisikeli zilizopo mjini, pikipiki zimeziingia. Wanakimbiza abiria juu yake, na pale kivulini wanasimama kungoja. Ukimwambia kijana yule atoke, atakuuliza aende wapi, naye hana stendi. Yafaa tukumbuke kwamba neno lenyewe bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka wa Busia, ambako vijana walikuwa wakivusha watu kwa baisikeli kutoka boda hadi boda. Wao ni ndugu zetu wa zamani katika kazi hii ya magurudumu mawili. Hata hivyo pikipiki ni mtambo, na mtambo hauchanganywi na mtu. Viwekwe vigingi vya kuizuia kwenye kila mlango wa njia, na wakati uleule wenye bodaboda wapewe stendi zao zinazojulikana, karibu na abiria. Kuwafukuza bila ya kuwapa mahali ni kuwapa askari wa kaunti njia nyingine ya kula. Tumeona ya kutosha.

La pili ni wachuuzi. Pale Muthurwa na Gikomba, ukijenga njia ya mita mbili asubuhi, jioni itakuwa imefunikwa na nyanya na viatu. Wengine watasema askari waletwe. Sisi hatusemi hivyo. Mama anayeuza nyanya pale ni mke wa mfanyakazi, au ni mfanyakazi aliyepunguzwa kiwandani, na anauza pale kwa sababu sisi hununua pale tukitoka kazini. Njia ichorwe pamoja na mahali pake pa kuuzia, kando, pamejengwa kwa simiti na kivuli juu, na wachuuzi waitwe kwenye kikao kabla ramani haijapigwa muhuri. Kama nafasi haitoshi kwa baisikeli, wachuuzi na motokaa zilizosimama bila kazi, basi motokaa zilizosimama ndizo zitoke. Tunajua neno hili halitapendwa.

La tatu halitajwi na mtu, nalo ni mkokoteni. Ukiweka vigingi vya kuzuia pikipiki, umezuia na mkokoteni. Mkokoteni ukizuiwa utarudi barabarani katikati ya mabasi, na mtu anayeuvuta ndiye mfanyakazi mwenye taabu kuliko sisi sote katika mji huu, analisha nusu ya Nairobi kwa kifua chake. Katika Landhies Road na Haile Selassie Avenue njia iwe pana zaidi, ipokee mkokoteni pia. Mpanda baisikeli atachelewa kidogo nyuma ya magunia. Na achelewe.

Kuhusu fedha, hatuombi jambo jipya. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa sera yake ya usafiri wa miguu na baisikeli, na ndani yake ikaahidi kwamba asilimia 20 ya fedha za kujenga barabara zitakwenda kwa wenda kwa miguu, baisikeli na usafiri wa umma. Ahadi hiyo imeandikwa. Tunataka waheshimiwa wa Bunge la Kaunti watuonyeshe asilimia 20 hiyo kwenye makaratasi ya kila mwaka, barabara kwa barabara. Na shida nyingine waitatue wao kwa wao: barabara moja ya mji ina mwenyewe wa serikali kuu, nyingine ina mwenyewe wa kaunti, na njia ya baisikeli hukatika pale mamlaka ya mmoja yanapoishia. Mfanyakazi hajui mpaka huo uko wapi. Yeye huujua kwa kuanguka.

Na wasituambie kwamba ni gharama. Mwaka 2024 watu zaidi ya 4,700 waliuawa barabarani katika Kenya, na wenda kwa miguu walikuwa wengi kuliko kundi lingine lolote. Jamaa wanaochanga fedha za hospitali na za mazishi wanajua gharama ni kitu gani.

Matajiri wa viwanda nao wana sehemu yao. Katika mikataba mipya tutakayoijadili, makatibu wa matawi waombe banda la baisikeli lenye paa na mlinzi, na bomba la maji mahali pa kunawa. Ni kitu kidogo mno kwa kiwanda chenye uwanja wa malori thelathini. Mtu aliyeibiwa baisikeli yake nje ya lango wakati yumo ndani anamfanyia tajiri kazi, amepoteza mshahara wa nusu mwezi na zaidi.

Lakini kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tujitazame. Nje ya ofisi ya chama chetu hakuna mahali pa kufungia baisikeli hata moja. Kuna nafasi za motokaa za maofisa. Wako wanachama wetu madereva wa malori wanaosimamisha magari yao juu ya njia za miguu wakati wa chakula, na wengine ni madereva wa matatu wanaokata kushoto kama tulivyoeleza hapo juu. Tunawapenda na tunapigania mishahara yao, lakini katika jambo hili wanakosea, na tunawaambia hapa mbele ya wenzao. Kadhalika tumeiomba kamati ya akiba na mkopo ifikirie mkopo mdogo wa baisikeli, utakaolipwa kwa miezi sita.

Makadirio ya fedha za kaunti hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo umma huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo mara nyingi huitishwa siku za kazi asubuhi, wakati sisi tumo mashineni, kisha huandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Safari hii tutakuwapo, ama kwa miguu ama kwa maandishi. Kila tawi litachagua watu wawili wa kwenda, na tutadai wapewe ruhusa kazini bila kukatwa mshahara.

Pamoja na gazeti hili mtapata karatasi moja. Andikeni mtaa mnaokaa, kiwanda mnachofanya kazi, mnakwendaje, mnalipa nauli kiasi gani siku ya jua na siku ya mvua, na mahali gani njiani mnapoogopa zaidi. Jina si lazima. Asiyeweza kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Tena tunataka watu kumi wa kujitolea kusimama raundabauti ya City Stadium asubuhi moja, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili, kuhesabu wapanda baisikeli, mikokoteni na wenda kwa miguu, ili tukifika mbele ya waheshimiwa tuwe na hesabu yetu wenyewe mkononi. Wanaotaka kazi hiyo wajiandikishe kwa wawakilishi wao viwandani. Karatasi zote zirudi kwa makatibu wa matawi kabla ya mwisho wa Januari.